Kabla hujauza gari lako ununue lisilokunywa mafuta, piga hesabu hii

Leo somo ni mafuta, na limenigusa mfukoni.

Mimi nauza mabegi mtandaoni. Karibu kila siku natoka Mbagala kwenda Kariakoo kuchukua mzigo, kisha nawapelekea wateja. Nilikuwa na gari la cc 2000. Mwaka jana nikaona nachoma hela tu, nikaliuza, nikachukua kabebi woka ka cc 1000.

Kwa mwezi natembea kama kilomita 1,000. Lita moja tuiweke sh. 3,000.

Gari la zamani: kilomita 10 kwa lita = lita 100 = sh. 300,000
Gari la sasa: kilomita 16 kwa lita = lita 62.5 = sh. 187,500
Naokoa: sh. 112,500 kila mwezi

Tamu eh? Subiri kwanza. Juu ya hela ya gari la zamani niliongeza milioni 3. Kubadili umiliki, bima na sevisi vikala 375,000. Gawanya 3,375,000 kwa 112,500, unapata miezi 30. Miaka miwili na nusu ndo hela yangu irudi!

Halafu ile milioni 3 niliitoa kwenye mtaji. Ilikuwa inazunguka kwenye mabegi na kuniletea faida ya kama 200,000 kwa mwezi. Yaani naokoa 112,500 sheli, napoteza 200,000 dukani.

Ondoka na haya:

1. Pima gari lako mwenyewe, usisikilize dalali. Jaza tenki, andika kilomita, tembea, jaza tena. Kilomita ulizotembea gawanya kwa lita ulizoongeza.

2. Angalia unatembea kiasi gani. Ningekuwa natembea kilomita 3,000 kwa mwezi, hela ingerudi ndani ya miezi 10.

3. Kutoka kilomita 5 kwa lita kwenda 10 unaokoa lita 100 kila kilomita 1,000. Kutoka 10 kwenda 20 ni lita 50 tu. Mwenye gari linalokunywa sana ndo anafaidika zaidi.

4. Punguza safari. Siku hizi nakusanya oda, Kariakoo naenda mara 3 kwa wiki. Hii haijanigharimu hata mia.

5. Mtaji usiuguse kwa ajili ya gari.

Wewe mwezi uliopita umetumia lita ngapi? Kama hujui, anza kuandika kesho asubuhi.