Unanunua Landrova ya Zamani? Beba Sumaku

Ukienda kuangalia Landrova ya zamani, usiihangaikie rangi. Rangi ni kazi ya siku mbili. Beba sumaku, hata ile ya spika mbovu, na nyundo ndogo, kisha vaa nguo usizozionea huruma kwa sababu utalala chini ya gari.

Anza na bodi. Landrova za Series, zilizotengenezwa kuanzia 1948 hadi 1985, zina bodi ya aluminiamu kwa sehemu kubwa. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, alikuwa na Jeep ya Willys iliyobaki baada ya Vita vya Pili vya Dunia, akiitumia shambani kwake Anglesey, Wales. Hapo ndipo wazo la kuunda gari la namna ile lilipomjia. Chuma kilikuwa cha mgawo Uingereza baada ya vita, ila aluminiamu ilipatikana. Basi gusisha sumaku kwenye boneti, madigadi ya mbele na ubavu wa nyuma: haitakiwi kunasa. Ikinasa, hapo fundi bodi ameshaweka bati. Si dhambi, ila bei ishuke. Usishtuke tu ikinasa kwenye ukuta ulio kati ya injini na miguu ya dereva, maana huo ni wa chuma tangu kiwandani.

Sasa ingia chini. Chasisi ni ya chuma, na huku mambo yanageuka: sumaku lazima ing'ang'anie. Ikiteleza, umekuta puti iliyopakwa rangi nyeusi juu ya tundu la kutu. Gonga kwa nyundo ukisikiliza. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinajibu kama boksi lililolowa. Kaa zaidi kwenye boriti ya nyuma, inayorushiwa tope na magurudumu. Gari lililoishi Tanga au Mombasa, kwenye upepo wa chumvi, likaguliwe mara mbili.

Mimi niliwahi kununua moja kwa kupenda ukijani wake. Mwezi wa pili fundi alichomeka bisibisi kwenye chasisi, ikazama mpaka kwenye mpini. Akanitazama, hakusema kitu. Gharama ya kuchomelea ilikaribia nusu ya bei niliyonunulia.

Ukitoka chini, chungulia nyuma ya magurudumu ya mbele. Utaona chuma cha mviringo, laini: chenyewe hakigeuki, ila sehemu inayoshika gurudumu ndiyo inateleza juu yake ukikata usukani. Kikiwa na vishimo vya kutu kitakuwa kinakata oili sili, na hata ukiweka mpya itavuja tena baada ya muda mfupi.

Mabwana mifugo, askari wa wanyamapori, polisi na mapadri wa vijijini hawakuzipenda gari hizi kwa starehe, maana hazina. Springi zake ni za mapande, na safari ya siku nzima unaisikia kiunoni. Walizipenda kwa sababu zikiharibika porini, dereva na utingo wake waliweza kuzifungua kwa spana chache, na betri ikifa walizungusha hendeli mbele ya bampa. Simba jike Elsa, aliyelelewa na George na Joy Adamson nchini Kenya, alipigwa picha akiwa amejilaza juu ya Landrova. Na Oktoba 2024 mamia ya Landrova zilikusanyika Arusha, zikiwemo za wazee ambao hawajawahi kuziuza.

Wazee hao wana ustadi unaopotea wa kubadilisha gia. Series II na IIA hazina usaidizi wa kuingiza gia ya kwanza na ya pili. Series III inao kwenye gia zote nne. Kwa zile za awali, ukishuka kutoka gia ya tatu kwenda ya pili, kanyaga klachi, weka huru, achia klachi, kanyaga mafuta kidogo, kanyaga klachi tena, ndipo uingize. Ukikosea, gia boksi itakusaga masikio.

Kuna na vijiti viwili vifupi sakafuni. Cha kichwa cha njano ukikibonyeza chini, magurudumu yote manne yanavuta. Cha kichwa chekundu kinaleta mwendo wa nguvu, wa kupandia mlima na kutokea kwenye tope, na chenyewe kinaunganisha yote manne. Usivitumie kwenye lami kavu. Magurudumu ya mbele na ya nyuma hayazunguki sawa kwenye kona, na gari hizi hazina difu ya katikati ya kusawazisha tofauti hiyo. Mkazo unajikusanya mpaka shafti ya ekseli inakatika.

Kabla ya kutoa hela, omba kadi ya gari. Kwa Series II na III, tafuta namba ya chasisi upande wa kulia mbele, kwenye mkono unaoshika springi. Sugua kutu kwa brashi ya waya usome tarakimu moja moja. Zisipolingana na za kwenye kadi, mrudishie mwenyewe ufunguo na uende zako, hata kama injini imewaka mara moja.