Foleni Haikwambii Bei: Mambo ya Kujua Kabla ya Kununua Hisa kwa Kufuata Wengine

Machi 2008 Serikali ya Kenya ilianza kuuza kwa umma robo ya kampuni ya simu ya Safaricom: hisa bilioni 10, kila moja shilingi 5. Aliyetaka kuomba alipaswa kuchukua hisa zisizopungua 2,000, yaani shilingi 10,000. Foleni zikajaa kwa madalali na kwenye mabenki. Watu wakakopa. Maombi yakazidi hisa zilizokuwepo mara kadhaa.

Tarehe 9 Juni hisa hizo zilianza kuuzwa katika Soko la Hisa la Nairobi, na bei ikapanda kupita shilingi 7. Mwanzoni mwa 2009 zilikuwa zimeshuka chini ya shilingi 3.

Hesabu ya mkopaji

Tuchukue mfano wa mtu aliyekopa 100,000 ili aombe hisa 20,000. Kwa kuwa waombaji ni wengi, anapewa moja ya tano: hisa 4,000 za shilingi 20,000. Zile 80,000 anarudishiwa baadaye, lakini riba ya benki inahesabiwa kwa laki nzima tangu siku ya kwanza. Bei ikifika shilingi 3, hisa zake zina thamani ya 12,000. Amepoteza 8,000, na bado hajalipa riba wala kamisheni ya dalali.

Kampuni yenyewe haikuwa mbovu. Mwaka 2021 hisa ile ile ilivuka shilingi 40. Aliyenunua kwa akiba yake na kuvumilia alipata faida kubwa. Aliyenunua kwa mkopo angeweza kulazimika kuuza bei ikiwa chini, kwa sababu benki haisubiri soko lipande. Wengi waliumia kwa kuingia na fedha zisizoweza kungoja.

Kwa nini tunafuatana?

Ukimwona mwalimu, jirani na mzee wa kanisa wananunua, unaamini wamechunguza. Huenda mwalimu alimtazama jirani, na jirani akamtazama mzee. Watu mia wamenunua, na pengine hakuna hata mmoja aliyesoma waraka wa matarajio, yaani maelezo rasmi ya kampuni inayouza hisa. Kisha rafiki anakuambia mfuata nyuki hakosi asali, nawe unaona aibu kubaki nje. Bei ikishuka, woga nao huambukizana vivyo hivyo, na watu huuza kwa pamoja.

Kwenye upatu, ambako hakuna hata kampuni yenye faida nyuma ya fedha zako, hali ni mbaya zaidi. Nchini Tanzania, taasisi iliyoitwa DECI iliwavutia watu wengi "kupanda mbegu", yaani kuweka fedha, ili wavune zaidi, hadi serikali ilipoisimamisha mwaka 2009. Waliotangulia walilipwa kwa fedha za waliofuata, na malipo hayo ndiyo yaliyowavuta wengine. Hapo msururu wa watu ndio biashara yenyewe. Ukikatika, fedha zimekwisha.

Kabla hujatoa fedha

Muulize anayekushawishi: kampuni hii inapata faida kwa kuuza nini, na mwaka jana ilipata kiasi gani? Akikujibu kwa kukutajia watu waliokwisha kununua, hajakujibu. Kisha jiulize kama fedha hizo zinaweza kukaa miaka mitano bila kugusa karo, kodi ya nyumba au matibabu. Ada ya shule ya Januari haifai kununulia hisa.

Hakikisha pia kwamba dalali au mpango huo umesajiliwa na mamlaka ya masoko ya mitaji ya nchi yako. Uliza kabla ya kutuma fedha. Zikishaingia kwenye upatu, kuzirejesha huchukua miaka, na wengi hawazipati kamwe.