SOMO: NANI ANASHIKA FUNGUO ZA KOMPYUTA?

Ndugu wafanyakazi,

Siku hizi kilo za majani ya chai, saa za ziada, mishahara na michango ya chama huwekwa katika kompyuta kubwa ziitwazo seva. Seva nyingi zikikusanywa mahali pamoja, hapo ni kituo cha data. Husimamiwa zote kwa mtambo mmoja. Mfano wake ni HPE OneView. Aushikaye mtambo huo aweza kuzima seva na kubadili mipangilio yake. Sisi tunaodai haki kwa rekodi zilizomo humo hatuna budi kujua unavyolindwa.

Kwanza, neno la siri. OneView huanza na jina "Administrator" na neno "admin", ambalo mafundi wengi wanalijua. Mtambo humlazimisha mtu kulibadili aingiapo mara ya kwanza. Lakini neno jipya likibandikwa ukutani, ni sawa na kufunga ghala na kuacha ufunguo mlangoni.

Pili, mgawanyo wa kazi. Yupo msimamizi wa mambo yote, wa seva, wa mtandao, wa nakala za akiba, na yupo wa kusoma tu. Kila mtu awe na jina lake na madaraka yanayotosha kazi yake. Wanne wakitumia jina moja, kosa likitokea lawama humwangukia mnyonge.

Tatu, daftari la matukio. Mtambo huandika nani ameingia, saa ngapi, na amefanya nini. Tuangalie hapa: daftari hilo halionyeshi nani amepunguza kilo zako. Hayo hutafutwa katika daftari la programu ya mishahara. Kwenye mgogoro tudai yote mawili.

Nne, nakala ya akiba. Isikae ndani ya mtambo wenyewe, maana ukiharibika vyote hupotea pamoja.

Tano, marekebisho. Mwaka 2017 ilitangazwa kasoro katika iLO 4, kifaa cha usimamizi kilichomo ndani ya seva za kampuni hiyo hiyo. Mtu aliyetuma herufi A 29 mahali fulani katika ombi lake alipita bila neno la siri. Toleo la 2.53 liliziba tundu hilo, lakini asiyeliweka alibaki wazi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tena mitambo ya namna hii iwe na mtandao wake wa pembeni, isiachwe wazi kwenye intaneti.

Ndugu zetu wa nchi jirani wanazo sheria za kulinda taarifa za mtu: Kenya na Uganda tangu 2019, Rwanda 2021, Tanzania 2022. Sheria hizo zinampa mtu haki ya kuuliza taarifa zake zinazoshikwa na mwingine. Mfanyakazi naye ni mtu.

Maswali ya kujadili tawini:
1. Kazini kwetu, nani anaweza kubadili rekodi za malipo, na nani anamkagua?
2. Daftari la matukio hutunzwa kwa muda gani?
3. Orodha ya wanachama wetu imo katika kompyuta ya nani?

Majibu yaandikwe, yapelekwe kwenye kikao kijacho na mwajiri. Tusingoje hadi mshahara upungue ndipo tuulize ufunguo uko kwa nani.

Umoja ni nguvu.