Motere ya Land Cruiser: tuitunze kabla haijazima njiani

Ndugu wanachama, koperative ikinunua Land Cruiser kuukuu ya kupeleka mihogo kutoka Lusenda hadi Baraka, mara nyingi motere yake ni 1HZ: lita 4.2, silinda 6 kwa mstari, haina turbo. Inavumilia sana, lakini mazutu machafu inayachukia. Yale ya kwenye mabidoni huwa na maji na takataka, na ndiyo yanayoua pampu na nozeli. Chini ya filta ya mazutu kuna kifungulio kidogo. Tukifungue, tumwage mpaka yatoke mazutu safi, tukifunge, halafu tupige pampu ya mkono iliyo juu ya filta. Moshi mweusi ukizidi, tuanze na filta ya hewa. Vumbi la barabara yetu si mchezo.

Mkanda wa ndani, ule unaozungusha vali, hubadilishwa kila km 100,000. Ukikatika, vali zinagonga pistoni, na hapo mavuno yote yanaishia kwa fundi. Kilomita za gari kuukuu tusiziamini hata kidogo: tubadili mkanda siku ya kununua, tuandike tarehe na kilomita katika daftari.

Sindano ya joto ikipanda, tusimame palepale. Shofere anayesema "tumekaribia" ndiye anayepasua kichwa cha motere. Tungoje ipoe yenyewe, bila kumwagia maji baridi, na kifuniko cha radiatere kisiguswe ikiwa bado moto.