Ukungu kwenye meno ya bandia: anza na mswaki, siki baadaye

Ukungu wa meno ya bandia haukai pale mbele panapoonekana mtu akicheka. Unajificha upande wa ndani, kwenye bamba linalogusa kaakaa. Akriliki, yaani plastiki ya bamba hilo, ina vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na chini ya bamba mate hayapiti vizuri. Kuvu ya Candida, ambayo wengi wetu tunayo kinywani bila madhara, hujishika humo na kujenga utando. Kaakaa huwa jekundu, mara nyingi bila maumivu yoyote, ndiyo maana mzee anaweza kukaa nao miezi asijue.

Kinga kubwa kuliko zote haina gharama: vua meno usiku. Ufizi unahitaji saa kadhaa za kupumua na kuoshwa na mate. Kabla ya kulala yasugue kwa mswaki laini na sabuni ya kawaida ya kipande, zaidi ule upande wa ndani, kisha uyasuuze vizuri. Dawa ya meno iache, kwa kuwa inakwaruza akriliki, na kila mkwaruzo ni maficho mapya. Maji ya moto nayo hulipinda bamba. Sugua pia ufizi, ulimi na kaakaa kwa kitambaa safi kilicholowa.

Baada ya hapo ndipo siki ina kazi, maana utando ambao haujasuguliwa huikinga kuvu. Changanya siki nyeupe na maji safi, nusu kwa nusu, uloweke meno kama nusu saa. Yasuuze, uyaweke usiku kwenye maji safi ya baridi, na maji hayo yabadilishwe kila siku. Chombo chenyewe kioshwe, wengi hukisahau. Kama meno yako yana vyuma, siki iache, kwani asidi huvila. Kwa hayo tumia kijiko kidogo cha soda ya kuokea (si magadi!) kwenye glasi ya maji. Itapunguza harufu, ila usiitegemee peke yake kupambana na kuvu. Wala usiichanganye na siki: povu linavutia macho, lakini vyote viwili vinapotezeana nguvu.

Kitunguu saumu kilichopondwa sikishauri, kinaunguza kinywa. Mafuta ya nazi yanapendwa, ila kwenye bamba yanaacha utelezi unaokusanya uchafu.

Mwenye kisukari, au anayevuta dawa ya pumu yenye steroidi, awe macho zaidi. Huyu wa pumu asukutue kwa maji kila baada ya kuvuta.

Wekundu usipoisha baada ya wiki mbili, au pembe za mdomo zikichanika, nenda kwa daktari wa meno ukiwa umebeba meno hayo ya bandia. Huenda akakupa dawa kama nistatini, na meno yenyewe yatasafishwa wakati huohuo, la sivyo kuvu itarudi kutoka kwenye bamba. Bamba lililolegea au lenye ufa linahitaji kurekebishwa, na siki haiwezi kufanya kazi hiyo.