Hesabu ya Wastani wa Mavuno

Mkulima akiulizwa shamba lake hutoa magunia mangapi ya mahindi, aghalabu hutaja mavuno ya mwaka uliokuwa mwema. Jibu hilo halimfai apangapo chakula cha nyumba yake. Hesabu imfaayo ni ya wastani, nayo si ngumu.

Tuseme shamba moja lilitoa magunia 9 mwaka wa kwanza, 7 mwaka wa pili, 11 wa tatu, 2 wa nne, mvua ilipokatika mapema, na 6 wa tano. Yajumlishwe yote: ni magunia 35. Kisha yagawanywe kwa idadi ya miaka, yaani 5. Jawabu ni 7, nao ndio wastani wa shamba hilo kwa mwaka.

Wako wauachao mwaka wa njaa, wakisema ulikuwa mkosi tu. Hao hugawanya 33 kwa 4, wakapata 8 na robo, wakahesabu chakula wasichokivuna. Mwaka mbaya nao ni mwaka. Hata kama lisingalivunwa gunia moja, ingaliandikwa sifuri na mwaka ungalihesabiwa.

Sasa, nyumba hiyo hula magunia 6 kwa mwaka. Wastani ni 7, basi yaonekana hapana shida. Lakini hakuna mtu alaye wastani. Mwaka wa nne yalipungua magunia 4, na aliyeuza ziada yote ya mwaka wa tatu, magunia 5, hana budi kununua wakati bei imekwisha kupanda. Angaliweka 4 na kuuza 1, angalivuka. Mahindi ya akiba yakaushwe sana, yapukuchuliwe, yachanganywe na dawa ya unga iliyoruhusiwa kwa nafaka. Kwa maana dumuzi, mdudu aliyetambuliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, hustawi zaidi katika mahindi yasiyopukuchuliwa, na huyageuza vumbi.

Liko jambo jingine lipotoshalo hata wajuao hesabu. Mtu ana ekari 1 iliyotoa magunia 10, na mahali pengine ekari 3 zilizotoa 12, yaani 4 kwa kila ekari. Asijumlishe 10 na 4 na kugawanya kwa 2, akasema wastani wake ni 7. Ajumlishe magunia yote, 22, na ekari zote, 4, ndipo agawanye: ni 5 na nusu kwa ekari.

Mavuno yaandikwe siku ileile ya kupimwa, kabla ya kuuza au kuwagawia ndugu. Yaliyoliwa mabichi nayo yakadiriwe.