Kabla Hatujachangia Kisima: Somo la Maji Kutoka Visiwa Vidogo



Ndugu zangu katika imani, iko hadithi tunayoisoma mapema kabisa katika mlango wa twahara. Mtu mmoja alimwendea Mtume (S.A.W.) akamweleza kuwa wao husafiri baharini na maji machache, na wakiyatawadhia watashikwa na kiu. Je, watawadhe kwa maji ya bahari? Akajibiwa kuwa maji ya bahari yanatwaharisha, na mfu wake ni halali. Wameipokea Abu Daud, Tirmidhi na wengineo kutoka kwa Abu Huraira (r.a.). Darasani tunachukua hukumu na kufunga daftari. Hali ya muulizaji tunaiacha: mtu amezungukwa na maji pande zote, naye anahesabu ya kunywa.

Hali hiyo leo ni ya Waislamu wa Maldivi. Nchi yao ina visiwa vipatavyo 1,200 katika Bahari ya Hindi, na wenyeji wanakaa katika visiwa visivyofika 200. Zaidi ya asilimia 80 ya ardhi iko chini ya mita moja kutoka usawa wa bahari. Mto hakuna hata mmoja. Sisi tuliokulia kando ya maziwa makuu tunaona tabu kulielewa hilo.

Basi maji ya kisima chao yanatoka wapi? Mvua huzama mchangani, na kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, hukaa juu yake kama mafuta juu ya mchuzi. Wanajiolojia wana kadirio mashuhuri: kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 chini yake. Likisomwa kinyume, kadirio hilo linatisha. Ukishusha uso wa maji kidogo tu, chumvi hupanda kutoka chini kwa mara nyingi zaidi. Na katika kisiwa kidogo cha matumbawe tabaka lenyewe ni jembamba. Anayechota kwa ndoo huchukua ya juu. Anayetia pampu yenye nguvu anaweza kuivuta chumvi mpaka kisimani, na si kisimani kwake tu.

Ibn Battuta alipita Mombasa mwaka 1331, na miaka kama kumi na miwili baadaye akawa kadhi huko Maldivi. Katika maelezo yake ya Mombasa, ambayo nayo ni kisiwa, anataja visima kwenye milango ya misikiti, vya kina cha dhiraa moja au mbili, ambamo watu waliteka maji kwa chombo cha mti chenye mpini na kuosha miguu kabla ya kuingia. Dhiraa mbili! Nadhani kina kile kifupi kilikuwa ujuzi, wala si uvivu.

Sasa bahari inapanda, na mawimbi yakivuka ufukwe huacha chumvi ardhini. Tsunami ya Desemba 2004 haikutokana na tabianchi, lakini ilionyesha jinsi visima vinavyoweza kuharibika kwa siku moja. Baada ya hapo visiwa vingi vilipewa matangi ya mvua, ila kiangazi kikirefuka matangi hukauka na maji hupelekwa kwa meli. Jiji la Malé linategemea mitambo ya kuondoa chumvi. Tarehe 4 Desemba 2014 moto ulizuka kwenye mtambo huo, na watu zaidi ya 100,000 wakakosa maji ya bomba; nchi jirani zikaleta maji kwa ndege. Ndiyo maana mradi ulioidhinishwa mwaka 2015 na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi kwa visiwa 49 haukutegemea njia moja, bali uliunganisha mvua, maji ya ardhini na maji yaliyoondolewa chumvi.

Fiqhi yetu ina neno hapa. Wanavyuoni wameweka hariim ya kisima, yaani eneo la kukizunguka ambamo haijuzu kuchimba kitakachodhuru maji yake. Kwenye kisiwa ambacho vyoo na visima vinagawana mchanga uleule, na watu wote wanateka tabaka moja, mimi naona hariim inakaribia kuwa kisiwa kizima. Na ile kanuni ya kutodhuru wala kudhuriana haimwachi nje mtoaji sadaka. Kisima cha Ruma, kwa mapokezi mashuhuri, Uthman (r.a.) alikinunua kikiwa kipo tayari, akakitoa kwa Waislamu. Fadhila ilikuwa katika watu kufikiwa na maji.

Nasema haya nikijisuta. Mwaka jana kamati yetu ililetewa ombi la kisima chenye pampu kwa kisiwa kidogo cha pwani, na mimi nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Hakuna aliyeuliza kuhusu chumvi. Wala hatukuuliza vyoo viko umbali gani, nani atatengeneza pampu ikifa, au kama paa la msikiti lina mifereji. Paa hilo pengine ndilo pana kuliko yote kisiwani! Mifereji, tangi lenye kifuniko, utaratibu wa kumwaga maji ya mvua ya kwanza yanayosafisha vumbi, na waqfu mdogo wa kulipia vipuri, vyote hivyo ni sadaka yenye kuendelea, ingawa havina jiwe la kuandikwa jina. Na bomba la kutawadhia liwe la kufunguka kidogo: Mtume (S.A.W.) alitawadha kwa kibaba kimoja, akaoga kwa pishi moja hadi vibaba vitano.

Fedha zile bado ziko kwa mweka hazina. Kikao kijacho ninaomba barua irudishwe kwa wenyeji wa kisiwa kile, tuwaulize kwanza visima vyao vya sasa vina ladha gani mwezi wa Februari, kabla ya masika.

Wallahu a'lam.